Tairi zinakula ndani lakini gari haivuti upande: tatizo liko wapi?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2005, niliinunua ikitoka Japani. Ilipofika tu niliiwekea spesa za kuinua gari mbele na nyuma kwa sababu ilikuwa inakwangua chini. Mwezi wa kwanza nilifunga matairi mapya manne, 185/65 R15. Sasa ni miezi mitano na kilomita kama 9,000, matairi ya mbele yote mawili yameisha upande wa ndani. La kushoto nyaya zinaonekana kabisa, lakini kwa nje bado kashata (maua ya tairi) ni mpya. Nikipapasa linakwaruza kama msumeno. Nimefanya alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa magurudumu) mara mbili, ya kwanza kwa mashine na ya pili kwa kamba, zote naambiwa gari iko sawa. Na kweli haivuti upande, usukani umenyooka. Fundi mmoja kasema nifanye balansi, mwingine kasema niongeze upepo hadi 40, mwingine anataka kuyageuza matairi kwenye rimu ili upande mzima uje ndani. Muuza tairi anasema kosa langu ni kununua tairi za bei rahisi. Huwa natoka Dodoma kwenda Dar na familia mara mbili kwa mwezi. Nibadilishe aina ya tairi au nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri mwisho wa jibu. Hilo tairi la kushoto linaloonyesha nyaya usisafiri nalo tena, hata safari moja. Litoe leo, ufunge la akiba kama ni zima, na uzunguke mjini tu kwa mwendo wa pole mpaka upate jingine. Kama la akiba ni lile jembamba la dharura, lisivuke kilomita 80 kwa saa na lisikae hapo siku nyingi. Nyaya unazoziona ni mikanda ya chuma iliyolala chini ya kashata, na kazi yake ni kulishika tairi lisitanuke wala kupasuka. Zikishatoka nje zinakatika moja moja, maji yanaingia, kutu inaanza, na mpira unaachana na chuma. Mjini kwa mwendo wa 40 unaweza kupata pancha tu. Katikati ya Gairo na Morogoro saa nane mchana, lami ikiwa ya moto, watoto wakiwa nyuma na wewe uko kwenye mia, tairi la mbele likipasuka usukani unakuvutia upande ambao hukuuchagua.

Sasa swali lenyewe. Jambo linalokusumbua, kama nimekuelewa, ni kwamba umefanya kila ulichoambiwa, umelipia alaimenti mara mbili, gari linakwenda limenyooka, na bado linakula tairi. Unaanza kuamini maneno ya muuza tairi. Usiyaamini upesi. Tairi la bei rahisi linaisha mapema, ndiyo, lakini linaisha sawasawa. Mpira laini hauchagui upande. Tairi likiisha ndani huku nje likiwa jipya, kuna kitu kinachoubana upande ule na kuuacha huu, na kitu hicho kiko kwenye gari. Ukifunga tairi ghali kuliko yote yaliyopo dukani juu ya tatizo hilo hilo, nalo litakwenda njia ile ile, ila litakuumiza mfuko zaidi.

Kilichowapoteza wewe na mafundi wako ni hili la "haivuti". Watu wengi wanapima alaimenti kwa kuachia usukani barabarani: likienda moja kwa moja, basi liko sawa. Sivyo. Gari linavuta pale upande mmoja unapouzidi mwingine. Pande zote mbili zikikosea kwa kiasi kile kile, makosa yanafutana. Wafikirie watu wawili wanaosukuma mkokoteni mmoja, huyu anauelekeza kushoto na yule kulia, na nguvu zao ni sawa. Mkokoteni utakwenda mbele umenyooka, lakini angalia nyayo zao: kila mmoja anaburuza miguu. Tairi zako mbili za mbele zinafanya hivyo hivyo. Kwa kweli, ukiniambia gari linakula tairi zote mbili za mbele ndani na wala halivuti, hilo lenyewe linanionyesha pa kutafuta.

Pana pembe tatu zinazozungumzwa kwenye alaimenti, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza mafundi wanaiita tou. Simama wima utazame vidole vya miguu yako: vinaweza kuelekeana kwa ndani au kutawanyika nje. Magurudumu ya mbele nayo yako hivyo. Yakielekeana kwa mbele tunasema yamefunga, yakitawanyika tunasema yamefunguka. Ya pili ni kemba, yaani gurudumu kusimama wima au kuinama ukilitazama kutoka mbele ya gari. Likiinamia ndani kwa juu, uzito unakalia bega la ndani la tairi. Ya tatu ni kasta, ambayo inahusu mlalo wa mguu mzima kuelekea mbele au nyuma. Hiyo inausaidia usukani urudi wenyewe baada ya kona, na haili tairi kwa kiasi cha kukutisha, kwa hiyo tuiache.

Tou na kemba zote zinaweza kula ndani. Tofauti iko kwenye mkono. Kemba inakula kwa ulaini: bega la ndani linalika taratibu na ukilipapasa ni laini kama sahani. Tou inakula kwa kuburuza, kwa hiyo inaacha kingo kali kwenye kila kashata, upande mmoja umelala na upande mwingine umesimama kama jino la msumeno. Wewe mwenyewe umeandika neno "msumeno". Neno hilo moja limenisaidia kuliko hata hizo alaimenti zako mbili.

Fanya jaribio hili kwenye tairi la kulia, lile ambalo nyaya hazijatoka, maana nyaya zinakata mkono. Pitisha kiganja kukatiza tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kikiteleza kwenda ndani na kukwaruza kwenda nje, magurudumu yamefunga kupita kiasi. Kikikwaruza kwenda ndani na kuteleza kwenda nje, yamefunguka. Kwa jinsi yalivyoliwa bega la ndani, ningetarajia upate hili la pili.

Kufunguka kwenyewe si lazima kuwe kukubwa, na ndiyo maana macho hayaoni. Tufanye hesabu. Tairi lako la 185/65 R15 lina kipenyo cha karibu sentimita 62. Tuseme magurudumu mawili yamefunguka jumla ya milimita 6, yaani kila moja limekosea milimita 3 tu, unene wa sarafu moja na ushee. Gawanya milimita 3 kwa 620 utaona kwamba katika kila mita 1,000 tairi linazokwenda mbele, linaburuzwa kwa ubavu karibu mita 5. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Ukifika Ubungo, kila tairi la mbele limeshaburuzwa ubavuni kilomita 2 na zaidi, huku limebeba injini. Halafu unarudi. Mara mbili kwa mwezi, kwa miezi mitano. Hakuna mpira unaovumilia hilo, uwe wa nchi gani.

Swali linalobaki ni kwa nini alaimenti mbili hazikuliona. Ninazo sababu tatu, na kwenye gari lako nadhani zinafanya kazi pamoja.

Sababu ninayoishuku zaidi ni ulegevu. Mashine ya alaimenti inalipima gari likiwa limesimama, limetulia, halina breki wala shimo. Ila wewe huli tairi ukiwa umesimama. Ukikanyaga breki kwa nguvu, barabara inavuta gurudumu kwenda nyuma, na kinacholizuia lisirudi ni bushi za mkono wa chini, chuma kinacholishika gurudumu kwenye mwili wa gari, ule ambao mafundi wengi wanauita wishboni. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili. IST yako imetengenezwa mwaka 2005. Kama bushi hazijawahi kubadilishwa, mpira huo umezaliwa Japani pamoja na gari na una umri wa miaka 20 hivi. Umekauka, umepasuka, na kwa ndani umeachana na chuma. Kwenye mashine unakaa mahali pake na namba zinasoma vizuri. Barabarani, kila breki na kila tuta, mkono unarudi nyuma na gurudumu linafunguka. Tairodi, ile fimbo inayoligeuza gurudumu ukizungusha usukani, ikichoka inafanya vilevile, na reki endi inayoiunganisha na mtambo wa usukani, na bolijointi, kile kiungo cha mviringo kwenye mkono wa chini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba fundi wa mashine hakukudanganya. Alipima kweli, isipokuwa alipima gari ambalo likiondoka pale linabadilika.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kumfungia dada mmoja alaimenti mara tatu kwa mwezi mmoja, kila mara namba zinakaa sawa, kila mara anarudi na tairi limeliwa zaidi. Mara ya tatu ndipo nilipolipiga jeki gari lake na kuchomeka mtaimbo kwenye mkono wa chini. Bushi ya nyuma ilikuwa inacheza kama jino bovu. Alikuwa ameshanunua tairi mbili bila sababu. Tangu siku hiyo sipandishi gari kwenye mashine kabla ya kulitikisa miguu, na nakuomba usimkubalie fundi yeyote anayefanya kinyume.

Sababu ya pili ni spesa. Simlaumu mtu kwa kuweka spesa. Barabara zetu nyingi za mitaani haziendani na gari lililopangiwa lami ya mijini Japani, na kukwangua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kila siku nako ni hasara. Lakini ujue kilichotokea. Mwili wa gari umepanda, magurudumu yamebaki chini, kwa hiyo mkono wa chini na tairodi, ambazo zilikuwa zimelala, sasa zimeinama. Fimbo ikiinama, upana wake wa mlalo unapungua. Na kwa kuwa mkono na tairodi hazina urefu mmoja wala hazianzii sehemu moja, hazipungui sawa, basi mwelekeo wa gurudumu unabadilika. Ndiyo maana spesa ikiingia tu, alaimenti ya zamani imekufa, na ni lazima ifanywe upya siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, fimbo zikiwa zimeinama sana, kila gari linapodunda tou nayo inacheza kuliko kawaida. Ukipima gari tupu halafu ukapakia watu watano na mizigo ya Dar, namba si zile tena.

Sababu ya tatu inaniuma kuisema kwa sababu inahusu wenzangu. Baadhi ya sehemu "alaimenti" maana yake ni kunyoosha usukani tu. Fundi anazungusha tairodi ya kushoto kidogo na ya kulia kidogo mpaka usukani ukae katikati, anapokea hela, basi. Usukani ukinyooka mteja anafurahi. Lakini unaweza kunyoosha usukani kikamilifu na kuacha magurudumu yamefunguka milimita 6 vilevile. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kuhusu kamba, siidharau. Fundi mvumilivu, sakafu tambarare, kamba imefungwa vizuri, anaweza kuikaribia tou sahihi. Kitu ambacho kamba haikupi kwa uhakika ni kemba, na mara nyingi anayetumia kamba hatazami magurudumu ya nyuma kabisa.

Unaweza kulipima gari lako nyumbani kabla hujalipa tena. Unahitaji jeki, chaki, futi ya fundi seremala, na mtu wa kukusaidia. Paki mahali tambarare usukani ukiwa umenyooka, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nyanyua gurudumu moja la mbele, lizungushe kwa mkono huku umeegemeza chaki au msumari juu ya kitu kisichotikisika, ili upate mstari mmoja mwembamba unaolizunguka tairi lote katikati ya kashata. Fanya na la pili. Shusha gari, toa mawe, lisukume mbele mita tatu au nne ili miguu ikae sawa, na usilirudishe nyuma. Sasa pima umbali kutoka mstari wa kushoto hadi wa kulia, kwa mbele ya matairi, halafu kwa nyuma ya matairi, kimo kile kile kutoka ardhini, juu kadiri futi inavyoweza kupita bila kugusa injini. Kipimo cha mbele kikiwa kikubwa kuliko cha nyuma, magurudumu yamefunguka. Kwa kuwa unapima chini ya katikati ya gurudumu, tofauti utakayoipata ni ndogo kuliko ile halisi. Kwa magari mengi madogo yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele kama lako shabaha iko karibu na sifuri, milimita 1 au 2 huku au kule. Ukikuta 4 au 5, umeshamwona mwizi wako. Ukikuta sifuri, usifurahi mapema; inamaanisha tu kwamba gari likiwa limesimama liko sawa, na macho yahamie kwenye bushi.

Ulegevu nao unaupima gurudumu likiwa juu ya jeki. Shika tairi kushoto na kulia ulitikise kama unataka kukata kona: likicheza au kugonga, tazama tairodi na reki endi. Shika juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi ya gurudumu au bolijointi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Narudia kwa sababu nimeona mtu akitolewa chini ya gari namna hiyo: weka stendi, na kama huna stendi, usiingie. Bushi zenyewe mwachie fundi mwenye mtaimbo na taa, maana nyufa zake mara nyingi zimejificha kwa juu.

Nirudi kwa ushauri uliopewa. Balansi ni kitu kizuri, inaondoa mtetemo wa usukani unaokuja ukishika mwendo mkubwa, na tairi jipya likifungwa ni lazima ifanyike. Lakini balansi inahusu uzito wa gurudumu kuzunguka sawa; haigusi mwelekeo wake. Ingekuwa tairi lina mabonde mabonde kuzunguka, hapa limelika na pale halijalika, ningekuambia tazama balansi na shokapu. Hilo si lako.

Upepo wa 40, hapana. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Kimeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka: kwa kawaida utakuta kilopaskali 220 au 230, ambazo ni kama psi 32 au 33. Hicho ndicho kipimo chako, kikipimwa asubuhi tairi likiwa halijapata moto. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wa tairi, si upepo wa gari lako. Ukijaza 40 tairi linavimba katikati, linaanza kuliwa katikati, gari linaruka kwenye matuta na breki zinapungua kushika. Utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Upepo ukipungua nao unakula, ila unakula mabega yote mawili kwa pamoja.

Kuyageuza matairi kwenye rimu, huyo fundi hajakosea kabisa, ila amechelewa. Tairi lililoanza tu kuliwa ndani, lisilo na mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje, linaweza kugeuzwa likamaliza maisha yake vizuri baada ya gari kutengenezwa. Lako la kushoto limekufa; ukiligeuza, nyaya zitahamia nje na hatari itabaki pale pale. La kulia litazame: kwenye mifereji mikubwa kuna vijiti vidogo vya mpira, na kashata ikifika usawa wa vijiti hivyo imebaki milimita 1.6, ndio mwisho wake. Kama bega la ndani limeshavifikia, nalo liende. Wala usiyahamishie nyuma ukidhani nyuma hakuna kazi. Tairi za nyuma zikiteleza kwenye mvua gari linajizungusha, na hilo ni gumu kulirudisha kuliko mbele kuteleza. Tairi zenye kashata nyingi zaidi ndizo zinazopaswa kukaa nyuma.

Sasa hela yako ianzie wapi? Kama ningekuwa nimesimama nawe pale gereji ningesema: tafuta tairi mbili za bei ya wastani kwa ajili ya usalama, lakini usiende mbali nazo mpaka miguu imekaguliwa. Bushi na tairodi kwa kawaida ni nafuu kuliko tairi mbili mpya, na ndizo zitakazozilinda hizo tairi. Bushi nunua mpya. Najua mkono wa chini wa mtumba kutoka Japani unaonekana wa kuaminika kwa sababu ni halisi, lakini chuma ndicho halisi. Mpira uliomo una umri ule ule wa wako. Nenda kwa muuza spea anayekubali kurudishiwa.

Kuna jambo moja kwenye ufungaji ambalo mafundi wengi wanaliruka na linaua bushi mpya ndani ya miezi. Bolti za mkono wa chini zisikazwe gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Zishikizwe tu, gari lishushwe, lidundishwe mara mbili tatu, ndipo zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Zikikazwa zinaning'inia, mpira unashikwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka unabaki umesokotwa usiku na mchana. Mwambie fundi wako hivyo kwa heshima. Anayeijua kazi atakubali papo hapo.

Spesa ni uamuzi wako na nitakupa pande zote mbili. Ukizitoa, gari linarudi kwenye pembe zake, tairi, shafti na tairodi zinapumua, lakini utakwangua tena, na kama unakaa mtaa wenye makorongo hilo ni tatizo la kweli. Ukizibakiza, alaimenti nzuri inaweza kurekebisha tou, ila itakubidi uirudie mara kwa mara kuliko mwenye gari lisilo na spesa. Ninachokushauri ni cha katikati: kama ni nene, weka nyembamba, kama ni zile za mpira zilizokatwa kwa kisu, zitoe, kwa sababu zinabonyea kwa viwango tofauti na upande mmoja unaweza kuwa chini kuliko mwingine. Kama kemba itaonekana imetoka, ujue IST haina sehemu ya kuirekebisha kwa mbele kama ilivyo tou. Kuna bolti maalumu nyembamba za kufungia shokapu zinazoruhusu gurudumu kusogea kidogo, na hiyo ni njia safi. Kupanua tundu la shokapu kwa tupa au kupinda mguu kwa jeki ni njia ninazozikataa.

Kuhusu wapi pa kufanya alaimenti, jina la gereji sikupi, nakupa namna ya kuitambua. Fundi mzuri atakuuliza gari linakula wapi, atatazama tairi, atapima upepo, atalitikisa miguu, na akikuta ulegevu atakataa kuendelea mpaka utengeneze. Mwambie mapema kwamba gari lina spesa. Atakupa karatasi yenye namba za kabla na za baada, mbele na nyuma. Hizo za nyuma usizidharau ingawa kwako nyuma hakurekebishiki kirahisi: IST ya kuvuta mbele ina boriti moja nyuma, na kama iliwahi kugonga kingo au shimo kubwa ikapinda, ni namba hizo zitakazosema. Anayeliingiza gari moja kwa moja kwenye mashine bila kugusa jeki, mshukuru na uondoke.

Yapo mambo ambayo si ya kusubiri miadi. Ukisikia mguu unagonga unapokanyaga breki au kukata kona, usukani ukaanza kuwa na nafasi tupu kabla gari halijaitikia, au ukiona gurudumu moja limeinama kuliko jenzake, paki gari na umwite fundi alifuate lilipo. Bolijointi ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari na usukani hauna tena kazi. Mimi gari lako sijaligusa, na yote niliyosema kuhusu bushi ni dhana inayotokana na maelezo yako. Mkono wa fundi aliye chini ya gari ndio utakaothibitisha au kunikanusha.

Ukishafunga kila kitu, chukua rula ndogo upime kina cha kashata za tairi za mbele sehemu tatu, ndani, katikati na nje, uandike kwenye daftari pamoja na kilomita za siku hiyo. Rudia baada ya kilomita 1,000, yaani karibu safari moja ya Dar na kurudi. Ndani na nje vikipungua sawa, endelea na ratiba yako na uzungushe tairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ndani kukipungua zaidi hata kwa nusu milimita, usisubiri nyaya. Niandikie tena ukiwa na namba hizo tatu na ile karatasi ya mashine, hasa mistari ya "kabla".